Keti Kwanza Uhesabu: Mwongozo Kamili wa Gharama ya Kumfuata Kristo

Ukitoka mjini kwa daladala, kabla hujafika unakokwenda utapita pagale. Nyumba ilifika kwenye linta ikaishia hapo. Nondo zimechomoza juu zimeshika kutu, mpapai umeota palipotakiwa kuwa sebule, na abiria hawakosi la kusema kuhusu mwenyewe. Yesu aliitumia picha hiyohiyo kwenye Luka 14:28-30: mtu kaanza mnara, kashindwa kuumaliza, watu wanamcheka. Hakusema asijenge. Alisema aketi kwanza, ahesabu. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "kuhesabu" pale limetokana na jina la kokoto, yaani kuhesabu kwa kuhamisha kimoja kimoja kama mtoto wa darasa la kwanza na vijiti vyake.

Mwongozo huu ni wa kuketi huko. Unamfaa aliyekata shauri juzi kwenye mkutano wa injili, aliyeko darasa la ubatizo au la kipaimara, mkatekumeni, na hata aliyezaliwa kanisani ambaye hajawahi kuhesabu chochote. Andaa daftari, kalamu, jioni tatu zisizo na wageni, na mtu mmoja atakayelisoma daftari hilo baada yako. Bila huyo mtu wa mwisho, kazi yote hii inageuka kuwa mawazo mazuri ya usiku.

Kwanza elewa masharti yenyewe

Sehemu ile ya Luka 14 ina masharti matatu, na kila moja linaishia kwa maneno yaleyale: "hawezi kuwa mwanafunzi wangu." Yako mstari wa 26, 27 na 33. Kumbuka pia waliokuwa wakisikiliza. Mstari wa 25 unasema makutano makubwa walikuwa wakifuatana naye. Mhubiri wa leo angewaita mbele awaombee; Yesu aligeuka akawatajia bei.

Sharti la kwanza ni kumchukia baba, mama, mke na watoto, hata nafsi yako. Hapa wengi wanateleza kwa kutoijua lugha ya Waebrania. Kwenye Mwanzo 29:30 imeandikwa kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata unasema Lea alichukiwa. Kwa hiyo kuchukia pale ni kushika nafasi ya pili. Mathayo 10:37 inasema jambo hilohilo wazi zaidi: ampendaye baba au mama kuliko mimi. Anayewakatia simu wazazi wake na kuiita hiyo gharama ya wokovu ameusoma mstari mmoja akauacha mwingine.

Sharti la pili ni msalaba. Zama za Warumi, aliyeonekana njiani na msalaba begani alikuwa mtu aliyekwishahukumiwa. Huku kwetu neno limelegea: shinikizo la damu ni msalaba, mume mlevi ni msalaba, bosi mkorofi ni msalaba. Hayo ni mateso, na Mungu anayajua, lakini hukuyachagua. Kipimo chepesi ni hiki: msalaba ni kile kinachokupata kwa sababu unamfuata Kristo, na ambacho kingekuondokea kesho ukimwacha. Luka 9:23 inaongeza maneno "kila siku," na ndiyo sababu hesabu tutakayofanya ni ya siku na wiki.

Sharti la tatu ni kuacha vyote ulivyo navyo. Kitenzi cha Kiyunani hapo ndicho alichokitumia yule mtu wa Luka 9:61 aliyeomba akawaage watu wa nyumbani kwake. Ni kuaga. Matokeo yake hayakufanana kwa wote: tajiri wa Luka 18 aliambiwa auze kila kitu, Zakayo alitoa nusu, na akina Yoana na Susana wa Luka 8:3 walibaki na mali wakaitumia kuwahudumia Yesu na wenzake. Wote mali yao ilikuwa imeagwa, haina tena kauli ya mwisho.

Wako waliolipa yote kwa siku moja. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto pamoja Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Wengi wetu hatutadaiwa hivyo. Tutadaiwa nusu saa ya alfajiri, shilingi elfu kumi, na kurudi dukani kwa mtu tuliyemdhulumu. Na hapo ndipo mapagale yanapozaliwa.

Jioni ya kwanza: muda na pesa

Wiki ina saa 168. Chukua mfano wa muuza duka anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo. Usingizi saa 7 kwa siku ni 49. Kazi siku 6 kwa saa 10 ni 60. Foleni na kusubiri gari, saa 3 kwa siku, ni 18. Kupika, kufua, kuoga na kula, 14. Jumla 141. Zimebaki 27.

Sasa weka mambo ya ufuasi: ibada ya Jumapili pamoja na njia, saa 4, jumuiya, seli au kikundi cha nyumbani katikati ya wiki, saa 2, kukutana na mlezi (yule atakayelisoma daftari lako), saa 1, kusoma na kuomba asubuhi, nusu saa kwa siku 6, saa 3. Jumla 10. Zimebaki 17. Kwenye karatasi inaonekana rahisi, mpaka ufungue mipangilio ya simu yako uangalie ulitumia saa ngapi wiki iliyopita. Andika namba hiyo kama ilivyo, usiipunguze. Mara nyingi gharama ya kwanza ya ufuasi ni ile video ya saa tano usiku, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kuamka saa kumi na moja.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza na saa mbili za maombi kwa siku kwa sababu moyo bado una moto. Wiki ya tatu mtu kachoka, anaona aibu, anaacha yote. Anza na dakika 30: 10 za kusoma sura moja kwa sauti, 10 za kuandika mambo mawili (sura imesema nini, leo nitafanya nini), 10 za kuomba. Sala isiwe ndefu kuliko utakavyoweza siku yenye homa ya mtoto na mgao wa umeme.

Ukurasa wa pili ni pesa. Tumia mshahara wa Sh 400,000 kama mfano:

Kodi ya chumba 60,000
Chakula 140,000
Nauli, siku 26 kwa 2,000: 52,000
Umeme, maji na vocha 28,000
Kumtumia mama 30,000
Marejesho ya mkopo 50,000

Jumla 360,000. Kilichobaki ni 40,000, sawasawa na fungu la kumi. Hesabu inafunga, lakini haina pumzi: homa moja, kadi moja ya mchango wa harusi, imevunjika. Na bado hatujaandika mikeka ya kubeti na bia mbili za Ijumaa, ambazo mtu huzisahau kimiujiza akishika kalamu. Ziandike. Hizo ndizo zinazokatwa kwanza.

Kuhusu fungu la kumi, makanisa yanatofautiana: yapo yanayolidai, yapo yanayofundisha kutoa kwa hiari kadiri ya alichonacho mtu, kama 2 Wakorintho 8:12. Fuata utaratibu wa kanisa lako, lakini kwa vyovyote shika desturi ya 1 Wakorintho 16:2: tenga kabla ya kutumia, kwa utaratibu, siku inayojulikana. Ukisubiri kilichobaki, hakibaki.

Mambo matatu usifanye. Usikope ili utoe. Mkopo wa kausha damu haugeuki sadaka kwa kupita madhabahuni. Usiache kulipa deni ili utoe. Zaburi 37:21 inamtaja anayekopa asilipe, na haimsifu. Wala usiondoe pesa ya mama. Mafarisayo walikuwa na njia ya kusema "hii ni Korbani," yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi, na kwenye Marko 7:9-13 Yesu aliwaambia wameitangua amri. Kama ukurasa haufungi kabisa, upeleke kwa mchungaji, katekista au mlezi ulivyo, muupange pamoja. Hapo ndipo utajua pia ni mchungaji wa namna gani.

Jioni ya pili: madeni ya nyuma

Huu ndio ukurasa unaorukwa, na ndio wenye uzito kuliko yote. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika hadi kwa Walutheri wa Bukoba, ulijulikana kwa jambo hili: watu walirudisha. Vitu vya hospitali, pesa za waajiri, mali za majirani. Waliita "kutembea nuruni," na majirani wasioamini waliamini toba yao walipoona kilichoibwa kimerudi mlangoni.

Biblia inatoa vipimo. Walawi 6:1-5 na Hesabu 5:6-7: aliyedhulumu akatubu arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Kutoka 22:1: aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza alipe wanne, ng'ombe alipe watano. Zakayo alijitwika kipimo kikali, mara nne. Kwa matumizi ya kawaida, shika sehemu ya tano.

Mfano: mtunza stoo aliuza kimya kimya mifuko 12 ya saruji ya tajiri wake, kila mmoja Sh 17,000. Ni 204,000. Sehemu ya tano ni 40,800. Anadaiwa 244,800. Akilipa 20,000 kwa mwezi atamaliza mwezi wa 13, ule wa mwisho ukiwa wa 4,800 tu. Inauma, lakini inahesabika, na kinachohesabika hulipika.

Chora safu nne: nani, nini, kiasi na nyongeza, lini. Kisha fuata utaratibu huu.

Anza na dogo lililo karibu, mfano deni la genge ulilolikana. Ukishalipa moja, miguu inapata nguvu ya kwenda kwa kubwa.

Mweleze mlezi kabla hujaenda. Kubwa usiende peke yako; nenda na mzee mmoja mwenye busara. Kama jambo linaweza kufika polisi au mahakamani, pata kwanza ushauri wa mtu anayejua sheria. Unaweza kushitakiwa, na hilo nalo ni sehemu ya kuhesabu.

Ukifika, sema kwa ufupi: "Mzee, mwaka ule nilipokuwa stoo niliuza mifuko 12 ya saruji yako. Nimekosa. Hii ni elfu ishirini ya kwanza, na nitaleta kila tarehe 5 mpaka ifike 244,800." Basi. Usieleze njaa uliyokuwa nayo, usitaje mlioshirikiana nao (wao wana daftari lao), usimhubirie. Andikianeni karatasi, kila mmoja abaki na yake.

Usimdai msamaha. Anaweza kukufukuza, anaweza kucheka, anaweza kusema "yameisha, kaa nazo." Akisema hivyo, mshukuru na ufute mstari. Akikutukana, rudi tarehe 5.

Mwenyewe kama amefariki, Hesabu 5:8 inasema haki yake inaenda kwa jamaa wa karibu, na asipokuwapo, kwa kuhani. Kwa hiyo tafuta watoto wake kwanza. Kanisa ni la mwisho. Nauli ulizokwepa au wateja uliowapunja ambao huwezi kuwapata, piga hesabu ya karibu uwape maskini, bila tangazo.

Kuna yasiyorudishwa kwa pesa. Aliyezini asikimbilie kwenda kujieleza kwa mume wa watu ili apumue yeye. Azungumze kwanza na mchungaji au padri, maana ungamo linaweza kuvunja nyumba mbili kwa usiku mmoja. Lakini aliyemdhuru mtoto, au anayejua aliyemdhuru, hilo si la kusuluhishwa kikaoni na wazee wa kanisa. Linakwenda polisi na ustawi wa jamii, na toba ya kweli inakwenda nalo.

Na cheti feki? Tanzania uhakiki wa vyeti mwaka 2017 uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000, kwa hiyo bei yake inajulikana. Anayeishi kwa cheti cha mtu ameshikilia mnara ambao msingi wake ni jina la mwingine. Asikurupuke kuandika barua usiku wa mkesha; apange na mwenzi wake wataishije, apate ushauri, kisha atoke. Hatuwezi kuipunguza bei hiyo.

Ukoo na ndoa

Andika mambo ya ukoo yatakayokugusa mwaka huu: msiba, mahari, tambiko, kutoa jina la mtoto. Kando ya kila moja weka alama moja kati ya hizi tatu: ninashiriki kikamilifu, ninashiriki nusu, sishiriki. Msiba unashiriki kikamilifu. Chimba kaburi, beba maji, lala matangani. Kwenye tambiko, ambapo mizimu inaombwa au damu inamwagwa kwa ajili yao, sema mapema kwamba hutakuwapo sehemu hiyo. Mapema ni wiki mbili kabla, tena kwa baba mdogo au shangazi mwenye kauli, ana kwa ana. Ukisubiri mpaka pombe ya kienyeji imeshamwagwa chini ndipo useme "mimi nimeokoka," utakuwa umewaaibisha mbele ya wageni, na watakachokumbuka ni dharau yako. Kisha changia kwa njia nyingine: kilo 10 za mchele na mikono yako jikoni vinafungua mdomo wa wazee kuliko hotuba.

Anayetoka nyumba ya Kiislamu, hasa pwani, gharama yake inaweza kuwa kitanda cha kulala. Kabla ya ubatizo, kanisa lihakikishe yafuatayo: atalala wapi, atakula wapi kwa miezi 3, nani atampokelea simu usiku. Usharika unaombatiza mtu Jumapili na kumwacha Jumatatu umemkabidhi gharama ambayo nusu yake ilikuwa yao. Naye aendelee kumwamkia mama yake shikamoo, ampelekee sukari, asibeze kanzu wala adhana ya waliomlea.

Mwenye wake wawili asifukuze mtu. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu anayelipa hapo ni mwanamke na watoto. Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wa Kianglikana, mwaka 1888 ulikataa kumbatiza mwenye mitala. Miaka 100 baadaye, 1988, mkutano huohuo ulikubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu yupo mmoja wa wake hao aliye hai, na asilazimishwe kuwaacha kwa sababu ya madhila yatakayowapata. Makanisa mengine yana taratibu tofauti. Uliza lako, na mjadili wakiwepo wanawake wenyewe.

Kazini

Watoza ushuru na askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Jibu lake, Luka 3:12-14, halikuwa kuacha kazi: msitoze zaidi, msidhulumu, mshahara uwatoshe. Kwa hiyo kila kazi ina swali lake. Mnunuzi wa vitunguu anaulizwa kuhusu lumbesa, lile gunia lenye kilemba ambalo mkulima hujaza kilo za ziada bila kulipwa. Muuza nyama anaulizwa mizani imehakikiwa lini na Wakala wa Vipimo. Mwenye duka anaulizwa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Fundi cherehani anaulizwa vipande vya kitambaa vinavyobaki.

Piga hesabu ya kilo. Gunia la kilo 100 likijazwa lumbesa la kilo 30, magunia 40 ni kilo 1,200 ambazo mkulima hakulipwa. Anayeacha lumbesa anaipoteza faida hiyo msimu mzima huku jirani yake sokoni akiendelea kuipata. Asijidanganye kwamba Mungu atamrudishia kwa mlango mwingine kabla ya mwezi kuisha. Apunguze matumizi kwanza, ndipo aache. Wanaoacha bila kupunguza hurudia mwezi wa pili.

Rushwa ifanyie mazoezi ya maneno, maana anayeombwa ghafla hujibu kwa mazoea. Sentensi ikae mdomoni: "Naomba niandikie malipo halali na risiti yake, nitasubiri." Halafu kweli usubiri. Weka kwenye ukurasa wa muda saa za kusubiri, na usile ratiba ya mtu mwingine kwa msimamo wako.

Jioni ya tatu: mlezi

Mlezi si lazima awe mchungaji. Awe wa jinsia yako, mbele yako kwa hatua chache, mwenye nyumba unayoweza kuingia bila miadi, na asiwe mtu unayemdai wala anayekudai. Mpe daftari asome kurasa zote. Mkubaliane siku, saa na mahali, saa moja kwa wiki kwa wiki 13. Maswali yake yawe yaleyale kila mara: umesoma nini na umefanya nini kutokana nacho? Mstari upi wa daftari umelipwa wiki hii? Umeanguka wapi? Kuna ulichonificha sasa hivi? Swali la nne linaonekana la kitoto. Ndilo linalofanya kazi.

Mlezi naye ana gharama zake: saa ile moja, chai, na kufunga mdomo. Siri ikitoka hata kwa njia ya "tumwombee ndugu fulani," ulezi umekufa. Asiwalee zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Wa nne hupata mabaki.

Bei ambazo Yesu hakuzitaja

Neno "gharama" limekuwa jembe la wajanja. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ulianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ilitolewa ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Hawakukosa kujitoa. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba bei ile haikuandikwa popote.

Kwa hiyo chukua tahadhari mapema. Kufunga: anza na mlo mmoja, kunywa maji; mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wachague kufunga kitu kingine kama simu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kisukari, presha na kifafa haziachwi kwa agizo la madhabahu. Anayekuagiza hivyo, ondoka kanisani kwake siku hiyohiyo. Pesa ya kodi au ada ya mtoto haipandwi kama mbegu. Mafuta na maji ya upako yenye bei ni biashara. Kiongozi anayekukataza kuongea na ndugu zako, anayetaka namba ya siri ya simu yako, au anayekupangia wa kuoa bila kauli yako, anajikusanyia wafuasi wake mwenyewe. Kipimo cha haraka: gharama ya Luka 14 humwacha masikini wa jirani yako akiwa na nafuu. Ikiwa anayepata nafuu ni kiongozi peke yake, umeuziwa kitu kingine.

Siku 90 za kwanza

Injili nne zina sura 89: Marko 16, Luka 24, Mathayo 28, Yohana 21. Soma kwa mpangilio huo, sura moja kwa siku, na siku ya mapumziko ya wiki isikilize kanisani au mwombe mtu akusomee. Siku ya 40 unamaliza Luka, ukiwa umeipita sura ya 14 huku daftari likiwa mkononi. Siku ya 69 unaingia Yohana. Siku ya 90 haina sura. Ni ya kufungua daftari.

Wiki ya 1 na 2, shika muda tu. Wiki ya 3, anza ukurasa wa pesa. Wiki ya 4, lipa deni la kwanza dogo. Wiki ya 6, lile la kwanza linalotia aibu. Wiki ya 8, chukua kazi moja isiyo na kipaza sauti: kufagia kanisa, kumtembelea mgonjwa mmoja huyohuyo kila wiki, kubeba viti. Kwaya na kuhubiri vingoje. Mtu mpya akipewa maiki mapema anajifunza kuongea kuliko anavyojifunza kutii, na akianguka anaanguka mbele ya watu wote.

Utaanguka mahali fulani. Kwa kawaida si kwenye jambo kubwa: ni mlezi aliyesafiri wiki mbili, mshahara uliochelewa, msiba uliokula siku tano za asubuhi, mpenzi wa zamani aliyetuma "mambo." Ukikosa siku tatu za kusoma, usizifidie, soma sura ya leo, endelea. Ukikosa malipo ya tarehe 5, mpigie mzee wa saruji tarehe 5 hiyohiyo, kabla hajakuuliza. Ukirudia dhambi uliyoiacha, mpigie mlezi siku hiyo, ukiwa bado na aibu. Ukisubiri ipoe utakuwa umeshajitungia maelezo. Usingoje mkutano mwingine wa injili ili "uokoke upya." Rudi kwenye mstari uliokatikia, utie tarehe ya leo.

Siku ya 90, keti na mlezi, hesabuni upya saa 168 na shilingi za mwezi. Mistari iliyolipwa ifutwe kwa rula. Ile iliyobaki ihamishwe ukurasa mpya, kila mmoja na tarehe yake.